Usiachie Mafuta

Mwaka 2018 nilifuatana na shangazi hadi Dubai kununua nguo za duka letu la Birere, mjini Goma. Mizigo ilipokwisha kufungwa, tukabakiwa na siku moja. Kijana wa Mombasa aliyefanya kazi huko akanipeleka Lahbab, kwenye matuta ya mchanga mwekundu, nikaendeshe pikipiki ya magurudumu manne.

Nilijiamini. Moto, yaani pikipiki, nilifundishwa na yaya, ndugu yangu mkubwa, anayebeba abiria Goma miaka yote, juu ya mawe ya volkano kule Ndosho. Ndiyo mawe tuliyozaliwa juu yake; Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002 yakaongezeka mengine hadi katikati ya mji. Somo la yaya lilikuwa moja: punguza mwendo, chagua pa kupitia, mkono usitoke kwenye breki. Ukikimbia juu ya mawe yale unapasua tairi, au unavunjika bega.

Tuta la kwanza nikalipanda hivyohivyo. Nusu ya mlima mashine ikayumba, na mkono ukafanya ulichofundishwa: ukaachia mafuta. Magurudumu ya nyuma yakachimba, yakazama. Tukapiga magoti kuyafukua kwa viganja. Juu mchanga ulikuwa unaunguza. Chini kidogo tu, baridi.

"Ndugu yangu, ukipanda usiachie mafuta," akasema yule kijana. "Achia ukikaribia kileleni, maana ng'ambo huioni." Akanionyesha kwa mkono: upande upepo unakotoka tuta huinuka polepole, upande wa pili hukatika ghafla. Ushuke moja kwa moja. Ukikaa kimshazari, mashine inabiringika juu yako. Tena akanibonyezesha tairi. Nene, upepo kidogo mno, laini kama embe lililoiva. Hivyo ndivyo inavyotandaza uzito isizame.

Mara ya pili nikabana mafuta kwa kidole gumba, meno nimeyauma. Kileleni nikaachia. Pua ya mashine ikainama, na mchanga ukaanza kutiririka pamoja nami, pande zote, kama maji. Nikapiga kelele ndani ya kofia: "Yaya!" Sijui kwa nini jina lake. Labda kwa sababu yeye ndiye aliyestahili kuwa pale. Mikono yake ingeelewa haraka kuliko yangu.

Tuliporudi nilimsimulia usiku kucha. Picha hakuzijali sana. Aliuliza mlima ulikuwa mkali kiasi gani, nikainamisha sahani mezani. Akanishika mkono, akaiinamisha zaidi. "Hivi?" Nikamwambia ndiyo.

Alfajiri nilimkuta uani amechuchumaa kando ya moto yake, anatoa upepo kwenye gurudumu la nyuma, kidogokidogo, huku akilibonyeza kwa gumba.

"Laini namna hii?" akauliza.

"Ongeza kidogo, yaya."