Boti ya Mkoani ina nafasi? Nilivyoizuia akili mnemba isikisie

Ratiba ya boti za Unguja na Pemba si siri. Imebandikwa bandarini Malindi, ipo kwenye tovuti za kampuni, na makarani wa tiketi wanaijua kwa moyo. Kilichonihangaisha mimi ni swali linalofuata: nafasi ipo? Siku hizi watu wanamuuliza wakala wa akili mnemba kwenye simu kabla hawajamuuliza mtu, na wakala huyo akikosa taarifa hanyamazi. Anatunga, tena kwa adabu zote. Nimeona mmoja akimpangia mgeni boti ya mchana kwenda Mkoani, bandari ya Pemba, siku ambayo boti hiyo haipo kabisa, na nauli akamtajia.

Nikaamua kutengeneza zana ndogo ya data ambayo wakala yeyote anaweza kuiuliza. Kiunganishi nilichotumia ni MCP, itifaki (kanuni za wakala kuzungumza na programu nyingine) iliyotolewa na Anthropic, kampuni ya akili mnemba, Novemba 2024, kwa sababu wakala anasoma mwenyewe maelezo ya zana, akajua inafanya nini na inataka apewe nini. Ratiba niliipanga kwa GTFS, mfumo wa mafaili ya usafiri wa umma unaotumika nchi nyingi. Humo kila aina ya usafiri ina namba yake; ya feri ni 4. Kizuri cha GTFS kwetu ni kwamba saa zinaruhusiwa kuvuka 24. Tuseme meli ya usiku imeng'oa nanga saa nne usiku ikafika saa kumi na moja na nusu alfajiri: unaandika 22:00 hadi 29:30, safari ikabaki moja chini ya tarehe moja.

Jina la siku zana hailipokei, inataka tarehe. Mzee wa Wete, Pemba, akisema usiku wa Ijumaa anakusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, kijana wa Dar anakusudia unaofuata, na mimi si kadhi wa kuwaamua. Saa nazo zinatoka kwa namna mbili, 07:00 na saa moja asubuhi, wakala asije akampeleka mtu Malindi saa saba mchana.

Hayo yalikuwa mepesi. Kazi ilikuwa kwenye nafasi.

Kampuni haziachii hesabu ya viti vilivyobaki kwa kila mtu anayeomba, na mimi sikuzilaumu. Kwa hiyo nilitegemea makarani. Karani mmoja wa Mkoani, mtu mzima wa rika la mama yangu, ndiye aliyeamua data yangu iwe na umbo gani. Nilimpigia simu:

"Shikamoo mama. Boti ya kesho zimebaki tiketi ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Chache."

"Chache ngapi?"

"We mtoto! Nikikwambia kumi na saba, hujamaliza kuandika zishakuwa tisa. Andika chache. Zikisha nitakwambia imejaa."

Nikaandika chache. Baadaye, niliposoma sehemu ya GTFS inayohusu taarifa za papo kwa papo, nikakuta nayo inakwenda kwa ngazi: viti vingi, viti vichache, imejaa. Basi ngazi ndizo nilizozishika. Karani anatuma neno moja kwa WhatsApp, programu inalipokea, inalibandika saa lilipoingia na bandari lilikotoka. Siku za kawaida neno hilo linaishi saa tatu. Mkesha wa sikukuu linaishi nusu saa. Muda ukipita, zana hairudishi tena lile jibu la zamani, hata kama ndilo pekee ililonalo.

Je, inarudisha nini? Hapa ndipo nilipojifunza tabia za hawa mawakala. Ukiacha sehemu ya nafasi tupu, wanaijaza wenyewe. Mmoja alipewa tupu akamwambia msafiri kwamba "kwa kawaida siku za Jumanne boti huwa haijai". Nani kamwambia? Tangu hapo badala ya utupu naweka sentensi kamili: "Nafasi haijulikani. Usikisie. Mwambie msafiri athibitishe kwa ofisi ya tiketi." Modeli, yaani akili mnemba iliyo ndani ya wakala, inasoma maneno hayo kama inavyosoma swali la mtu, na mara nyingi inayafuata. Nasema mara nyingi, si kila mara, ndiyo maana sentensi hiyo nimeiweka pia kwenye maelezo ya zana yenyewe.

Jambo jingine ni idadi ya abiria ambayo chombo kimeidhinishwa kubeba. Mwanzoni mwa majaribio idadi hiyo ilikaa jirani na ngazi ya nafasi, na wakala akaanza kufanya hesabu ya kutoa: chombo kinabeba kadhaa, ofisi hii imeuza kadhaa, kwa hiyo vimebaki kadhaa. Wakati tiketi zinauzwa Malindi, zinauzwa Dar, zinauzwa kwenye mtandao. Nikaitenga idadi ile kwenye swali lake peke yake, na jibu lake linaanza kwa kusema kwamba hiyo si idadi ya viti vilivyobaki.

Kuna waliosema nimezidisha. Lakini sisi tunajua uzito wa hesabu ya abiria. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ng'ambo ya Nungwi ikielekea Pemba, imejaza kupita kiasi. Julai 2012 MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar. Siwezi kukaa nikatengeneza programu inayomwambia mtu wa Pemba "nafasi bado ipo" kwa kubahatisha.

Kipindi cha kusi nilishawishika kuunganisha tahadhari za upepo mkali na mawimbi za Mamlaka ya Hali ya Hewa, zana ikate shauri kwamba safari imeahirishwa. Nikaacha. Zana inaambatanisha tahadhari kama ilivyo; kuahirisha ni kazi ya nahodha na wakubwa wa bandari. Idd nayo ina utata wake, maana boti za ziada hutegemea mwezi umeandama au la, na wakala anaitaja tarehe ya Idd kana kwamba yeye ndiye Mufti. Kwa siku hizo zana inajibu "ratiba haijathibitishwa" mpaka tangazo litoke na karani aniandikie.

Nauli sikuiweka, inabadilika na kampuni zenyewe zinaitangaza. Njia ya Wete haijaingia kwa sababu sijapata karani atakayetuma neno kila siku bila kusukumwa. Kwa sasa ukiuliza Wete, unajibiwa kwamba zana haina taarifa za bandari hiyo, na unapewa safari za Mkoani zikiwa na angalizo kwamba utapanda gari kupitia Chake.