Kumi kwenye mduara
Jana nimepita Makutupora nikielekea Kondoa, nikakumbuka miezi yangu ya mafunzo pale kambini, JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Ilikuwa Julai, baridi na upepo wa Dodoma vikatupasua midomo. Alfajiri mchakamchaka, mchana kwata. Tulikuwa wengi, lakini kila mtu kivyake.

Aliyetubadilisha ni afande wetu wa sekisheni. Baada ya chakula cha jioni alituketisha kumi tu, mduara, naye anakaa chini vumbini pamoja nasi. Swali moja: leo nini kimekulemea? Siku tatu za kwanza tulijibu, "Hakuna, afande!" Ya nne akatuambia kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa kuruta, alilia usiku akimkumbuka mama yake. Kimya. Kisha jamaa mmoja, ambaye kwenye mbio hakuna aliyemfikia, akasema kwao hakuna aliyebaki wa kumsubiri akimaliza mafunzo. Wiki tatu nilikuwa nalala kitanda cha juu yake na sikulijua hilo!

Siku ya matembezi marefu, nguvu ziliponiishia, ndiye aliyebeba begi langu bila kuombwa. Mpaka leo tunapigiana simu kila Jumapili.