Mkwinini wa Amani na Vita vya Mahiwa

Nimezaliwa Nyangao, mkoani Lindi, jirani na Mahiwa, mahali ambapo Waingereza na Wajerumani walipigana kwa siku nne, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Mwezi uliopita nilisafiri hadi bustani ya mimea ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na huko nikakuta mti ulionirudisha nyumbani.

Wajerumani waliianzisha bustani hiyo mwaka 1902 ili kujaribu mimea ya kigeni ambayo ingeweza kuwaletea faida katika koloni lao. Mzee aliyetutembeza alifikicha jani la mkafuri, harufu ikatupanda puani kama dawa ya kuchua kifua, kisha akatupeleka kwenye mkwinini, mti wenye asili ya milima ya Andes huko Amerika Kusini. Chini yake aliokota tawi lililoanguka, akalibandua gamba, akanipa kipande. Nje kilikuwa cha kijivu, kimeota kuvumwani, na ndani kilikuwa na rangi ya kahawia inayokaribia wekundu. Nilipokigusisha ulimini, uchungu wake ulishinda ule wa mwarobaini tunaouchemsha nyumbani, nao ulinikaa kinywani hadi tulipofika getini.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza na manowari za Waingereza zikaziba pwani, dawa kutoka Ulaya zikawa adimu, na watafiti wa Amani wakatengeneza kwinini kutokana na magamba ya miti hiyo kwa ajili ya askari, mpaka Waingereza walipoiteka Usambara mwaka 1916. Nilisikitika kwamba mahali penye jina la Amani palilisaidia jeshi kuendelea kupigana, nami naamini kwamba bila kinga hiyo dhidi ya malaria vita isingedumu hadi kufika kwetu kusini.

Niliporudi, nilimwonyesha bibi picha ya mti huo kwenye simu, tukiwa tumeketi barazani. Babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na hakurudi. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, na wapagazi nao walipewa dawa hiyo?" Nilimweleza kwamba wapagazi wengi mno walikufa kwa maradhi na njaa. Alinyamaza, akanirudishia simu, akaniagiza nikienda Lindi mjini nimsafishie picha hiyo.