Jani la sale nililompelekea kaka

Wiki ile tuliyomzika baba, kaka yangu alihamisha masale. Kwetu Machame, Kilimanjaro, mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, ni mstari wa masale, yale majani marefu ambayo hata kiangazi hayakauki. Aliyang'oa usiku, akayapanda hatua tano ndani ya sehemu yangu, katikati ya migomba niliyoipalilia tangu sijaoa. Asubuhi nilimwita mwizi mbele ya mashangazi na wazee wa ukoo, nikaongeza maneno juu ya watoto wake ambayo sitayarudia hapa.

Tulinuniana miaka minne. Kwaya naimba, jumuiya nahudhuria, lakini Jumapili ya meza ya Bwana nakaa benchi la nyuma nisije nikapiga magoti karibu naye. Ng'ombe wake alipokufa nilifurahi, nikala chakula cha jioni nikashiba. Baadaye kushiba kule ndiko kulikonitisha.

Siku moja jumuiyani zamu ya kusoma neno ikaniangukia, 1 Yohana 4:20: "Mtu akisema, Nampenda Mungu, naye anamchukia ndugu yake, ni mwongo." Sebule nzima ilijua habari ya masale. Nilisoma hadi mwisho, na hakuna aliyeinua macho.

Niliomba Mungu anilainishe moyo. Haukulainika. Ndipo kaka akalazwa hospitali, mwezi wa Januari, jua kali, na zamu yake ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, iliangukia usiku. Ukiikosa, migomba inangoja zamu nyingine huku inaungua. Shemeji alikuwa wodini na mgonjwa, watoto wako mjini. Nikachukua jembe na tochi nikaenda, na sitadanganya, nilikwenda nikiwa na hasira. Nilibomoa kizuizi cha matope na maganda ya migomba, maji yakaingia polepole, yakizunguka shina moja baada ya jingine, hadi yakafika kwenye zile hatua tano. Nilisimama hapo na jembe mkononi muda mrefu. Nikayaacha yapite.

Usiku ule ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nasubiri kumpenda kwanza ndipo nimtendee mema, na kwa njia hiyo ningesubiri hadi kaburini.

Aliporudi nyumbani nilikata jani la sale, nikalifunga fundo, kama wazee wetu wanavyofanya wakiomba msamaha. Mke wangu akauliza, "Baba, aliyekosa si yeye?" Nikamwambia kwa habari ya shamba amekosa yeye, ila yale maneno yalitoka kinywani mwangu.

Kaka alilipokea kwa mikono miwili. Shemeji akaleta mtori, tukanywa. Kuhusu mpaka hakutamka hata neno, na iliniuma, kwa sababu nilitegemea angeanza yeye. Nimeupeleka kwa wazee wa ukoo, na kaka nilimwambia mwenyewe kabla ya kwenda kwao. Kumsamehe nimemsamehe, lakini ile ardhi ni ya wanangu pia. Watakuja kupima baada ya Pasaka.

Jumapili iliyopita tulipiga magoti mezani pa Bwana, yeye kushoto kwangu. Kifua chake bado kinabana, nilikisikia alipovuta pumzi. Zamu yake ya maji ni Alhamisi usiku. Jembe nimeshalinoa.