Kishingo wangu wa Masasi

Wanaopita shambani kwangu hapa Masasi huniuliza kwa nini nang'ang'ania kuku wa kienyeji aina ya kishingo na kuchi wakati vifaranga vya kisasa vimejaa mjini. Jamani, njooni saa saba mchana! Kishingo, shingo tupu bila manyoya, anachakura chini ya mikorosho bila wasiwasi, maana joto linamtoka upesi. Mchwa anajiokotea mwenyewe. Chanjo ya ugonjwa wa kideri (Newcastle) tu ndiyo siachi: tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Kinyesi chao nakiacha kioze vizuri kwanza, ndipo kiende kwenye mchicha na bamia. Mbolea ya dukani sinunui. Mwenye jogoo wa kuchi wa ukoo mwingine anitafute tubadilishane, wangu wameanza kuwa ndugu.