Kioo kije kwangu, sio mimi nikifuate

Mimi nina ualbino na nafanya kazi ya uhasibu hapa Dar. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa natoka jioni shingo imekaza utadhani nimebeba gunia la mkaa kutwa nzima. Macho yangu yanacheza, miwani inasaidia kiasi ila haimalizi tatizo, kwahiyo kusoma namba ilikuwa lazima niinamie mpaka pua inakaribia kugusa kioo cha kompyuta, masaa nane hivyo hivyo.

Ofisi ile ya kwanza walikuwa na nia nzuri kabisa, wakaninunulia kioo kikubwa wakakiweka mezani, nyuma yangu kuna dirisha halina pazia, jua la asubuhi likipiga nilikuwa naona gorofa la jirani kwenye kioo, namba hamna.

Nilipohamia hapa nilipo, fundi wa aiti alivuta kiti akakaa pembeni yangu kama nusu saa ananiangalia tu navyofanya kazi. Halafu akageuza meza dirisha likawa ubavuni, akaitoa ile taa ndefu iliyokuwa inanichoma utosini, na kioo akakifunga kwenye mkono wa chuma unaovutika mpaka usoni. Ukikitoa kioo sentimita 60 ukakileta 30, herufi unaziona kubwa mara mbili, na hapo hujagusa programu yoyote! Mgongo nimeunyoosha siku ileile, nilitaka kulia.

Programu zikafuata, na nyingi zimo humohumo kwenye Windows. Bonyeza kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha, kikuzio kinafunguka, kisha Ctrl, Alt na I kwa pamoja rangi zinageuka, weupe unakuwa weusi, na kwa sisi tunaoumizwa na mwanga ni kama umeingia chini ya mwembe saa saba mchana. Ila ukikuza sana unaona kipande kidogo tu, Excel yenye safu 20 unajikuta hujui uko mstari wa nani, ndo maana mimi nagandisha safu ya majina isisogee, kwanza kabla ya kitu chochote.

Mwenzangu wa huduma kwa wateja haoni kabisa, yeye kioo hana kazi nacho. Anatumia NVDA, programu inayomsomea kwa sauti maandishi ya kwenye kompyuta, ni ya bure, aliianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006, akaungana naye James Teh, wote wawili hawaoni. Anavaa hedifoni sikio moja ili lingine limsikilize mteja, na kwa kasi aliyoiweka ile sauti mimi siambulii hata neno. Kinachomkwamisha ni memo. Watu wanaprinti, wanagonga muhuri, wanaskani, wanatuma, na kwa NVDA hiyo ni picha tu, haina cha kusoma. Kuna njia ya kuisomesha, kitufe cha NVDA (kwa kawaida ni Insert) na R, lakini muhuri ukikaa juu ya maandishi inatoa vitu havieleweki. Jamani tumeni na faili lenyewe la Word, ni dakika moja!

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, na huyu mwenzangu yuko kwenye hesabu hiyo, ila memo ya likizo alisomewa na mlinzi.

Jumatatu anaanza dada mwenye uoni hafifu kitengo cha mauzo. Nimeshaongea na fundi, asinunue kitu chochote mpaka akae naye.