SSD mpya, skrini nyeusi: kumbukumbu ya mradi wangu, Moshi

Jumamosi. Katika kompyuta ninayomtengenezea mpwa wangu hapa Majengo nimetoa diski ya zamani ya kuzunguka, nikaweka SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, na kunakili humo mfumo wote wa Debian 11 (aina ya Linux) kama ulivyokuwa. Inawaka upesi ajabu, ila ukurasa wa kuingilia hautokei. Kinachobaki ni kistari kinachopepesa kwenye weusi. Kwa Ctrl+Alt+F2 nimepata terminali, yaani skrini ya kuandikia amri, na kuingia kwa nenosiri bila shida, kwa hiyo mfumo ni mzima na kilichogoma ni LightDM, programu inayoleta ukurasa wa kuingilia.

Jumapili. Diski ina nafasi tele kwa mujibu wa df -h, na systemctl get-default inajibu graphical.target, yaani kompyuta imepangwa kuwaka hadi kwenye skrini ya michoro. La kushangaza ni kwamba nikiiwasha LightDM upya kwa mkono, kwa amri ya systemctl restart lightdm, ukurasa unatokea papo hapo, jambo ambalo lisingewezekana kama draiva (programu inayoendesha kifaa cha michoro) ingekosekana au mipangilio ingekuwa na kosa. Mpwa wangu akauliza, “Mjomba, si uirudishe tu ile diski ya zamani?” Nilimcheka, kisha nikanyamaza, maana na ile ya zamani tatizo hili halikuwapo kamwe.

Jumanne, baada ya umeme kurudi. Nimesoma kumbukumbu za kuwaka kwa amri ya journalctl -b -o short-monotonic, ambayo huonyesha kando ya kila mstari sekunde zilizopita tangu kerneli, kiini cha mfumo, ianze. LightDM ilianza kabla i915, draiva ya michoro ya Intel, haijawa tayari. Xorg, programu inayochora skrini, ikatafuta skrini, ikaikosa, ikafa. Systemd, inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo, ikairudisha LightDM mara kadhaa kwa haraka, kisha ikaacha kujaribu. Diski ya zamani ilichelewesha kila kitu, na uzembe wake ndio ulioficha kasoro hii miaka yote.

Wapo wanaoongeza sleep (amri ya kusubiri) ya sekunde kadhaa kabla ya LightDM kuanza. Siipendi njia hiyo, kwa sababu ni kubahatisha muda. Nimefungua /etc/lightdm/lightdm.conf na kuondoa alama ya reli (#), inayofanya mstari upuuzwe, mbele ya logind-check-graphical, nikaipa thamani ya true, ili LightDM isubiri hadi logind, sehemu ya systemd inayosimamia kuingia kwa watumiaji, ithibitishe kwamba kifaa cha michoro kipo.

Nimeizima na kuiwasha mara 10, na ukurasa umetokea mara zote. Kesho ni zamu ya feni, inayonguruma kama mashine ya kukoboa kahawa.